Ziwa la Mama Mdogo Balbina

Jeni, hupokei simu! Haya, naandika. Nimetoka sasa hivi kwa mama mdogo Balbina, mbavu sina.

Mwaka tisini na sita alifika kijijini kwake Mchombe mpimaji wa ramani, kijana anaitwa Maximilian. Mama mdogo akachungulia karatasi yake, akakuta shamba lake la mpunga limepakwa rangi ya bluu na kuandikwa ZIWA. Ziwa, Jeni!

Akaona shamba linamponyoka. Likishakuwa ziwa, nani tena atakubali kwamba ni shamba lake?

"Shikamoo mama," kijana akamwambia. "Picha ilipigwa kutoka kwenye ndege mwezi wa nne, hapa palikuwa maji matupu."

"Marahaba. Mwezi wa nne napita na mtumbwi. Mwezi wa saba navuna mpunga palepale."

"Ramani haina miezi, mama. Ni ziwa au shamba, chagua moja."

CHAGUA MOJA! Mama mdogo, na upole wake wote ule wa kanisani, akamkazia macho: "Mwanangu, wewe ukilala, tukuandike marehemu?"

Jeni. Tukuandike marehemu!!! 😂😂

Watu waliokusanyika pale wakaangua kicheko, kijana mwenyewe akakaa chini, machozi yanamtoka kwa kucheka. Kisha akafuta ziwa. Lakini orodha yake ya maneno ya ramani haikuwa na neno linalofaa, akamwuliza mama mdogo aandike nini.

"Andika shamba linalooga."

Akaandika! Nakala ya ramani ipo ukutani kwa mama mdogo, nimeisoma kwa macho yangu, herufi za kiofisi kabisa: SHAMBA LINALOOGA.