Stika ya Upande wa Kushoto

Sjoukje,

Supu ya njegere iko jikoni, ipashe tu. Paka abaki nje, stika za trekta dogo la mfano la kumpa mzee Wiebren hazijakauka. ~~Ya kushoto nitaibandua, nichape nyingine.~~ Iache ilivyo.

Asubuhi nilikuambia, "Umekwangua herufi, mwanangu. Zawadi gani hii?" Ukaondoka bila kunywa kahawa. Basi nikaenda kulitazama trekta lake lenyewe, maana leo linauzwa. Herufi zimefutika palepale ulipokwangua.

"Goti langu hilo," akasema mzee. "Kila nikipanda, miaka arobaini."

Nimeunda matrekta madogo tangu hujazaliwa, na goti la mtu sikuwahi kuliona. Nimetoka kutafuta kisanduku cha kioo cha kuliwekea hilo dogo. Jioni utamkabidhi wewe.

Baba yako