Harusi ya Bisil Kwanza

Baba,

Laptopu yako nyeusi imekata roho, na ilikata mikononi mwangu. Nakueleza mwenyewe kabla ndugu yako Kamau hajaja kaburini kukusimulia kwa njia yake, maana unamjua kwa kutia chumvi.

Studio sijaifunga. Bado niko pale juu ya duka la dawa za mifugo, vumbi la Kitengela linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na watu wanapanda ngazi wakiuliza, "Mzee wa video yuko?" Wa kwanza niliwajibu nikilia. Siku hizi nawapa kiti, nawaambia mzee ametuacha lakini kazi inaendelea.

Unamkumbuka Naserian, bibi harusi wa Bisil. Ndiyo harusi ya mwisho uliyorekodi. Uliihamishia kwenye laptopu, ukafuta kadi za kamera, ukasema utaweka nakala ya pili Jumatatu. Jumatatu hiyo ulikuwa hospitalini. Tulipokwisha kukuzika, koko, yule nyanya aliyemlea Naserian, akafariki pia. Msichana wa watu hakunigombeza. Alinipigia simu akasema, "Wambui, mimi sina haraka na hiyo video. Lakini koko hakuwa anapenda kupigwa picha. Pale ananibariki na maziwa, hiyo tu ndio niko nayo. Na iko kwenu."

Nikawasha laptopu. Ikatoa mlio, tik, tik, kama kiberiti kinachokataa kuwaka. Picha zilifunguka nusu, nusu ya chini ikawa kijivu. Nikaizima haraka. Nikageuka kutafuta ushauri, na nikigeuka tu Kamau akaichomoa diski, akaifunga kwa karatasi ya nailoni na kuiweka ndani ya friza, eti baridi huiponya. Mama aliikuta akitafuta matumbo. Nilimfokea ndugu yako, Baba, mpaka akatoka kwenda kusimama kwenye geti.

Nilichojifunza ni kwamba diski mgonjwa haisumbuliwi kwa kufunguliwa kila mara. Unaiunganisha mara moja na kompyuta nzima, unanakili kwenda diski mpya kwa programu inayochukua sehemu zinazokubali, inaruka zinazokataa, kisha inazirudia polepole. Na kwa kuwa inaweza kufa wakati wowote, unaanza na kile unachokihitaji kuliko vyote. Hapo ndipo mimi na Mama tulipokosana.

Mama alitaka folda ya "Nyumbani". Unajua kilichomo: Krismasi zetu zote, mimi nikiwa na meno mawili, wewe na Mama mkicheza sebuleni huku kamera ikiwa juu ya kabati. Kwingine kote wewe uko nyuma ya kamera, huonekani. Mama aliniambia, "Hao wako na harusi, wako na bwana, wako na maisha. Mimi niko na nini?" Hata mimi niliitaka folda hiyo. Lakini nakujua. Ulikuwa unachelewa chakula ukiunganisha video, Mama akiita na kuita, nawe unajibu, "Hii ni ya wenyewe, wacha nimalize." Nilichagua Bisil.

Stima zetu ni zile zile za kupotea kila mara, kwa hiyo nilihamia kwa kinyozi wa chini, yule aliye na betri ya sola. Nikaweka diski juu ya taulo katikati ya mashine zake, nikakaa nayo kutwa, kiganja juu yake nikipima joto. Wateja walipunguza muziki bila kuombwa, na mmoja akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Faili ziliingia moja moja. Ilipofika kwenye baraka, ikakwama. Ikaruka, ikarudi, ikakwama tena. Nikaiambia kwa sauti, mbele ya watu, "Wewe, huendi na koko." Kinyozi akaacha kunyoa akasogea kutazama. Iliingia jioni, picha ikiruka hapa na pale, sauti nzima.

Nikageukia "Nyumbani". Ikalia tik, tik, kisha haikuzunguka tena. Nilijaribu kila nilichosoma na hata nisichosoma. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama uso kwa uso. Hakunilaumu. Alinimiminia chai, akaingia chumbani. Kwa siku kadhaa tulizungumza habari za chumvi na funguo tu.

Nikaanza kuunganisha harusi. Na pale kwenye baraka, koko anapomaliza kumnyunyizia Naserian maziwa kutoka kwenye kibuyu, anageuka na kutazama kamera moja kwa moja. Anasema maneno ya Kimaasai nisiyoyaelewa. Kamera inashuka. Tunaona viatu vyako vimejaa vumbi, tone la maziwa linagonga kioo, na wewe unacheka, unajibu neno moja. Sauti yako, Baba. Nilirudia na kurudia mpaka macho yakavimba. Kisha nikakikata kipande hicho, kwa sababu ulinifundisha mpiga picha si sehemu ya harusi. Nilikiweka kwenye flashi, nimwonyeshe Mama tukiwa wawili, siku atakayokuwa tayari.

Jumamosi tulikwenda Bisil. Mama alikuja, akisema anakwenda kutoa pole tu. Nyumba ilijaa. Baraka ilipoonekana kwenye televisheni, kina mama walianza kulia. Naserian akasimama. "Hapa umekata, Wambui. Mimi nilikuwa hapo." Niliona haya. Nikachomeka flashi, nikamshika Mama mkono.

Naserian akatutafsiria. "Koko anasema, huyu naye ni mtoto wa mtu, ameshinda na njaa akiangalia watu wakikula. Anasema, Mungu akupe miaka mingi, uzeeke, uone watoto wa binti yako."

Kwenye televisheni wewe ukajibu, "Naai." Na iwe hivyo. Na wale wote ndani ya nyumba, kama wanavyofanya mtu akibarikiwa, wakaitikia kwa pamoja, "Naai." Walikuwa wanajua umekufa. Waliitikia tu. Kisha Mama, ambaye hajui Kimaasai hata cha kununulia maziwa, akasema peke yake, kwa sauti ya kanisani, "Naai." Nami nikasema. Nilisema nikijua ulipo.

Tangu siku hiyo Mama anaongea nami. Kipande kile anacho kwenye simu.

Diski sijaitupa. Kuna watu Nairobi wanaozifungua na kuzitengeneza ndani, na nitaipeleka hata ikichukua muda gani, maana "Nyumbani" sijaikatia tamaa. Nakala mbili naziweka siku ile ile. Wiki ijayo nina harusi Mashuuru, na kamera ni yako.

Lala salama, mzee wangu. Nimekukasirikia kwa kuondoka na bado nakupenda. Nakuahidi hili: siku nitakayoolewa mimi, kabla mtu mwingine yeyote hajapakuliwa, mpiga picha atakula.

Binti yako,
Wambui