Doa Limetoweka, Nami Bado Naumwa

Mama mshauri, shikamoo. Nimegeuza kibao cha mlangoni kisomeke "Nimetoka kidogo", nimeketi kwenye kiti cha wateja nikuandikie, maana jambo hili likiendelea kukaa kifuani litanipasua.

Mimi ni kinyozi, nina mke na watoto wawili, na miezi miwili iliyopita nilishikwa na mafua na homa kali ya siku tatu, lakini kwa ubishi wangu nikaenda kazini hivyohivyo, akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, nikamnyoa upande wa kulia vizuri kabisa, nikakung'uta kitambaa nikamwambia, "Tayari mwalimu, upande wa pili njoo wiki ijayo," naye akadhani natania, mpaka aliponiona nautafuta mlango wa kutokea ndani ya kioo. Ni yeye aliyenikimbiza hospitali, nusu kichwa kina nywele na nusu hakina, na watu wa mapokezi wakamuuliza yeye anaumwa nini.

Nikaingizwa kwenye ile mashine inayogonga kama mafundi bati, nikapigwa picha ya ubongo, likaonekana doa katikati, kwenye daraja linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto. Mke wangu aliposikia neno "doa" alikaa chini sakafuni palepale. Daktari alisema huenda ni la muda, limeletwa na homa, akanilaza siku tano, akili ikanirudia, akataka nirudi baada ya mwezi nipigwe picha nyingine. Siku hiyo nilikwenda peke yangu kwa kuwa mke wangu, ambaye ni mpishi hotelini, alikuwa zamu. Daktari akaitazama picha akacheka. "Limekwisha lote. Nenda kanyoe watu, vichwa vizima."

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Nilifika nyumbani, mke wangu akaniuliza, "Wamesemaje?" nami nilikuwa nimepanda ngazi za ghorofa nne, nikahema. Mama mshauri, sikusema uongo, nilihema tu! Akaniwekea mkono begani: "Usiseme, baba watoto. Nimeelewa." Usiku huo akanipakulia paja la kuku ambalo kwa miaka kumi na mmoja ni la mama yake, na mama yake mwenyewe, ambaye tunaishi naye na ambaye tangu harusi ananiita "yule", akasema, "Kula, mwanangu."

Ningefanyaje? Nikala. Tangu hapo siosheshwi vyombo, nikiunguza shati kwa pasi wanasema ni doa, nikisahau kuwachukua watoto shuleni ni doa, shemeji akija na hadithi zake ndefu naachiwa nikalale, na nimeanza kuzoea.

Lakini wiki iliyopita mke wangu ameitwa akawe mpishi mkuu katika chuo kilicho mji wa pili, kazi aliyoiombea miaka sita, siku tano huko, siku mbili nyumbani. Ameandika barua ya kukataa. Akanikabidhi niipeleke posta, akaniambia, "Siwezi kukuacha na kichwa hicho." Barua iko kwenye droo, chini ya mashine za kunyolea. Chuo kinataka jibu Ijumaa. Nikisema kweli ataniua, nikinyamaza nitakuwa nimemuua mimi. Na je, doa la ubongo laweza kutoweka kweli, au mashine ilikuwa imechoka? Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha.

Kinyozi mwenye kichwa kizima


JIBU

Kinyozi, pole kwa homa. Kupotelewa na akili ukiwa kazini si mchezo, na mwalimu mkuu yule ni muungwana, mnyoe bure mwaka mzima.

Pole zimeishia hapo. Paja la kuku mwezi mzima kwa kuhema! Huna haya?

Nilimuuliza daktari wa ubongo swali lako. Anasema mashine haikuchoka. Kuna madoa yanayokuja na homa, na kifafa, hata na kuacha ghafla dawa za kifafa. Chanzo kikitibiwa, nayo hufutika. Ila mengine hayafutiki, na yote kwa macho ya mtu wa kawaida yanafanana. Ndiyo maana daktari hasomi picha peke yake: anakutazama unavyotembea na kuzungumza, anauliza ulikuwa unaumwa nini, kisha anapiga picha ya pili. Doa si hukumu, na kutoweka kwake si ruhusa ya kupuuza homa nyingine. Maneno yakianza kukupotea tena, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Gazeti hili hutoka Jumamosi, na Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho, kwa hiyo sikungoja. Nilikupigia Jumatano, nikakuamuru umrudishie mkeo barua yake mkononi, useme, "Nimepona tangu mwezi uliopita, nilikuficha," kisha ufunge mdomo. Ulilia kwenye simu. Nilikuacha ulie.

Ijumaa mchana ukanipigia wewe. Ulisema mkeo hakukupiga wala hakupiga kelele, ila Alhamisi asubuhi alivaa viatu akasema, "Twende kwa daktari, maneno yako siyaamini tena." Daktari akamwekea picha mbili ubavu kwa ubavu, yenye doa na isiyo na doa. Akazitazama sana, akafuta machozi, akauliza, "Daktari, na uongo unaonekana humu?" Daktari akajibu, "Hapana, mama. Huo tunawaachia wenye nyumba." Akacheka mpaka akashika meza, kisha akakumbuka ana hasira, akanyamaza mpaka nyumbani. Jioni hiyo aliichana barua ya kukataa, na Ijumaa asubuhi akaipeleka ya kukubali kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa unaniuliza utulie vipi, maana hakusemeshi. Usitulie. Vyombo ni vyako, watoto ni wako, shemeji akija msikilize mpaka mwisho. Mama mkwe umwambie mwenyewe. Mkeo amekataa kukusaidia, nami namuunga mkono. Usinunue zawadi, usimtume mtu kukuombea radhi. Alikuwa tayari kukizika kwa ajili yako kitu alichokitaka miaka sita, na hilo halilipwi kwa kitenge.

Jumatatu anapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Wewe amka kabla yake, mchemshie chai, libebe sanduku lake mpaka kituoni. Na asipokusemesha njia nzima, libebe vilevile.