Ngozi ya Elia

Jumatatu, 7 Julai

Nimemwosha Elia vidonda vya mgongoni. Vinanuka. Kaka yangu huyu, fundi aliyeanguka kutoka paa la kanisa, sasa hahisi chochote chini ya kiuno. Mama yuko shambani anachuma kahawa. Likizo yangu kutoka maabara ninakofanya kazi ndiyo hii: maji moto, sabuni, matusi ya Elia. Nayapenda. Akinyamaza ndipo naogopa.

Kesho nachukua kipande cha ngozi yake kwa utafiti, ameridhia kwa maandishi. Maabarani tutaitia kemikali mpaka seli za ngozi zigeuke seli za mishipa ya fahamu. Kwenye sahani za maabara tu. Hazitamwinua kitandani, na nimemwambia hivyo. "Chukua, mdogo wangu," amesema. "Inanifaa nini?"

Jumanne, 8 Julai

Nimemdunga Elia sindano ya ganzi mkononi. Kipande kidogo kama punje ya mtama. Amekitazama, akacheka. Kiko kwenye boksi la barafu, nasafiri nacho kesho.

Baba Neema, jirani, kauliza boksi lina nini. Nikamwambia ukweli: ngozi ya Elia. Ameondoka bila kuaga.

Pumbavu mimi. Nimezaliwa hapahapa Igamba. Nimekua nikikatazwa kupita mashambani peke yangu kwa hofu ya wachuna ngozi, watu waliosemekana kuvusha ngozi za binadamu pale mpakani Tunduma. Nalala na boksi.

Jumatatu, 14 Julai

Hospitali, Vwawa. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Wanakijiji walikuja asubuhi ya safari. "Mchuna ngozi! Mtoeni!" Mawe juu ya bati. Mama akapigwa fimbo ya mdomo. Mimi nikaburutwa kwa nywele hadi nje. Nikakinga kichwa, panga la Baba Neema likatua mkononi. Boksi walilikanyaga, wakalimwagia petroli, wakalichoma. Petroli ikabaki. Wakanimwagia mimi.

Elia akatoka. Alijiangusha kutoka kitandani, akajikokota kwa viwiko kwenye changarawe, akanilalia.

"Nichomeni na mimi! Ngozi ni yangu, nimempa mwenyewe!"

Akanyanyua mkono, wakakiona kile kidonda kidogo. Hakuna aliyewasha kiberiti. Mmoja mmoja wakaondoka.

Nilitaka wafe wote. Bado nataka.

Jumapili, 20 Julai

Mshipa wa fahamu wa mkono wangu wa kulia umekatika. Nimejichoma vidole kwa pini. Sihisi kitu.

Leo Elia kaletwa kwangu kwa kiti cha magurudumu. Magoti yake yamefungwa bandeji. Ngozi aliyoiacha kwenye changarawe ni nyingi kuliko niliyoichukua mimi. Baba Neema amekamatwa, yuko polisi. Katika maongezi yetu hatukumtaja.

Elia akauweka mkono wake mwingine juu ya shuka langu.

"Chukua tena."

Nikamwambia siwezi kushika kisu. Akavishika vidole vyangu vya kulia. Niliona tu kwamba amevishika.

"Basi achukue daktari," akasema. "Ngozi yangu na yako."

Nimemwita nesi. Amesema daktari anapita jioni. Tunamsubiri.