Mashine Inafua, Mimi Nimekwenda Kwaya

Evaline na Remmy wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mashine inafua mashuka. Ikipiga mlio, subirini kidogo ndipo mfungue mlango, msiuvute kwa nguvu. Kisha mkaanike wenyewe, maana mashine ya kukaushia baba yenu hajanunua.

Asubuhi amenikuta nimekaa kwenye kigoda mbele ya kile kioo cha mashine, natazama nguo zinavyozunguka. Akaniuliza, "Mama Evaline, hiyo tamthilia imefika sehemu ya ngapi?" Nikanuna. Nikamwambia nailinda isichane mashuka yangu. Akasema, "Zamani ulifua saa nzima. Sasa unakaa saa nzima kuitazama ikifua. Umeokoa nini?"

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Tangu mzaliwe, kila Jumamosi namwambia Mwalimu Ursula wa kwaya kwamba siwezi kuja, nina nguo. Leo nimempigia nikiwa bado nimenuna. Akapiga kigelegele kwenye simu mpaka nikacheka. "Sauti ya pili wamebaki wawili tu, njoo hivyo hivyo ulivyo!"

Basi niko kanisani Ruhuwiko. Nitarudi ~~saa sita~~ saa nane, mazoezi yakiisha nataka kupiga soga na wenzangu.

Cha mchana atapika baba yenu, kwa vile amenicheka sana leo. Mchele uko kwenye ndoo ya bluu. Asinipigie simu kuuliza chumvi iko wapi, nitakuwa naimba.

Mama yenu