Nimeizima Redio Mbele ya Mkaguzi

Eucabeth, nimeizima redio mbele ya mkaguzi. Mimi, mwanafunzi wa ualimu mwenye mtoto wa kunyonya, nimeizima. Nakuandikia karatasi hii chaki ikiwa bado mikononi.

Sikiliza. Kipindi cha shule kilipoanza, sauti kutoka Nairobi ikasema, "Hamjambo, watoto." Darasa zima likasimama. "Hatujambo, mwalimu." Halafu wakangoja waambiwe waketi. Redio ikaendelea tu na somo la kupima urefu na upana. Nikawaambia waketi, wakakataa. Kwao mwalimu ni yule wa redioni, pale mezani, na hajawaruhusu.

Nikaizima. Nikawatoa nje na kamba ya mgomba wapime uwanja. Ondieki, yule ambaye hajawahi kujibu swali hata moja, ndiye aliyeshika kamba na kuwaelekeza wenzake. Si ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwamba kuna mtoto wa masikio na kuna wa mikono?

Mkaguzi akanifuata nje. "Mama, umemzima mwalimu wa Nairobi?"

"Yeye hawaoni watoto, bwana. Mimi nawaona."

"Basi rudi nyumbani ukanyonyeshe."

Nikamwambia nanyonyesha na nafundisha. Nilisema hivyo, Eucabeth, mwalimu mkuu akisikia.

Kesho anarudi kuamua kama nimefaulu mazoezi ya kufundisha ama niende nyumbani kabisa. Ameagiza redio isizimwe hata kidogo. Sawa, haitazimwa. Nitamwekea kiti karibu nayo asikilize vizuri, na sisi tutakuwa uwanjani tukipima.