Kaka Alipima kwa Niaba Yetu

Nyuma ya kiwanda cha mkate,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Kidosho, mdogo wangu,

Hujambo? Na shemeji hajambo? Hilo tumbo linaendeleaje, bado linakutapisha? Jitahidi kula hata kidogo kidogo. Sisi tupo, ila mimi nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenichoka.

Kitindamimba wangu alitoka wodini Alhamisi. Yale maumivu ya miguu tuliyosema ni ya kukua, kumbe ni selimundu, ugonjwa uleule wa damu uliomchukua mtoto wa shangazi. Sasa hivi anacheka na kudai baiskeli. Mimi naenda kulia jikoni.

Daktari alitutuma, mimi na baba watoto, kwa mshauri wa magonjwa ya kurithi. Chumba kidogo, feni inapiga kelele, kiti kibovu akakipata mume wangu. Yule mama akachora ukoo wetu kwenye karatasi, miraba ya wanaume, miduara ya wanawake, akiuliza nani aliugua na nani alikufa mdogo. Akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kupima. Nikajibu kwa maringo kabisa kwamba kaka mkubwa alipima kwa niaba yetu sote!

Akaweka kalamu chini. "Mama, yule alipima damu yake tu."

Unakikumbuka kile kikao baada ya msiba wa mtoto wa shangazi? Kila mtu ana udhuru wa kazi. Tukasema Mkubwa ndiye huenda kwenye posa, mazishi na ofisi za serikali, basi na hospitali aende yeye. Akarudi na cheti safi, baba akakitia plastiki, mpaka leo kinaning'inia sebuleni karibu na kalenda. Yule mshauri hakutucheka. Mume wangu ndiye aliyecheka.

Alitueleza polepole. Mimi nabeba kinasaba cha ugonjwa huu na mume wangu anabeba, ingawa hatuugui. Kila mimba yetu, nafasi ni moja kati ya nne mtoto kuugua. Kaka kutobeba ni bahati yake mwenyewe. Wewe huenda unabeba, huenda hubebi, nusu kwa nusu.

Sasa nifike ninapopaogopa. Kabla ya harusi uliniuliza kama mkapime, wewe na shemeji. Nikakwambia usipoteze siku, ukoo umeshapimwa. Ukanisikiliza kwa kuwa mimi ni dada yako. Kosa ni langu, simsingizii Mkubwa wala baba. Nimeshika simu mara tatu nikuambie, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Ndiyo maana nakuandikia, na barua nampa jirani anayekuja huko kesho.

Ukishaisoma, nendeni mkapime wote wawili. Mmoja wenu akiwa habebi, mtoto hatapata huo ugonjwa. Mkiwa mnabeba wote, mwoneni mshauri kabla ya kuamua lolote, na mtoto apimwe mara tu akizaliwa, aanze dawa mapema. Wangu tumemchelewesha miaka minne.

Mama anakusalimu sana, sijamwambia bado. Baba, shangazi na Mkubwa nao wanakusalimu. Mpe shemeji salamu zangu, umsomee barua yote, usimruke mahali. Mungu akulinde na hicho ulichokibeba.

Majibu yakitoka nipigie, hata kama ni kunitukana. Nitapokea.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako.